Simba Mwenye Kwato

Tangu siku waliyomzika Mburu, mkewe Kagure alibaki na jibu moja tu kwa kila aliyemuuliza jambo. Ni sawa. Godoro la marehemu litolewe? Ni sawa. Makoti yake wapewe binamu zake wa Othaya? Ni sawa. Mwanawe Mwai alipomwambia kwamba ng'ombe wao Njeru amezeeka na afadhali auzwe, Kagure alitazama zizini, akamwona Njeru akicheua polepole, akasema ni sawa. Mwai akamshukuru Mungu kwamba mama yake hasumbui kama akina mama wengine, akaenda kutafuta mnunuzi.

Hakuwa amelia. Watu walingoja alie kanisani, hakulia. Wakangoja kaburini, wanawake wa chama wakiwa wamejipanga nyuma yake tayari kumdaka, naye akasimama wima akitazama udongo ukiingia, akiwaza kwamba lile koleo ni la kuazima na lisije likasahauliwa. Baadaye wakasema ana moyo mgumu. Moyo haukuwa mgumu wala laini. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: unauona, unajua ni wako, unaugusa, haukujibu.

Jirani yake Gathoni, mwanamke wa maneno mengi ambaye shamba lake la chai linapakana na la Kagure pale Tetu, ndiye aliyekuwa akipita kila asubuhi. Siku moja Kagure alimpikia chai, wakanywa wote wawili, Gathoni akiongea juu ya mvua, juu ya mchungaji mpya, juu ya kuku wake aliyeacha mayai na kulalia viazi. Alimaliza kikombe chake mpaka tone la mwisho, akaaga. Kagure alipokuwa akiosha vyombo, akaona kwamba mkebe uliokuwa wazi mezani ni wa chumvi. Alikuwa amekunywa kikombe kizima cha chai ya chumvi bila kujua. Na Gathoni alikuwa amekunywa kikombe kizima akijua.

Jambo hilo Kagure hakulisema. Alilichomeka mahali fulani ndani yake, kama mtu anavyochomeka sindano kwenye pazia ili asiipoteze.

Jumamosi moja akaja Njoki, mke wa Mwai. Njoki ana studio ya picha mjini Nyeri, mlango mmoja mwembamba karibu na soko, ambako watu huenda kupigwa picha za pasipoti wakiwa wamenuna na za harusi wakiwa wamechoka. Alikuja na kamera na shuka nyeupe.

"Maitu," akasema, kwa maana humwita hivyo kama mama yake mzazi, "yale maboksi ya sinema ya Baba bado yako?"

"Yako stoo."

"Naweza kuyapiga picha? Kuna watu kwa simu wanapenda hizi vitu za zamani. Tunawekeana picha. Mmoja anaweka yake, mwingine anaweka yake, zisipotee."

"Ni sawa," Kagure akasema.

Maboksi hayo yana hadithi yake. Mburu alipokuwa kijana, kabla hajamwoa Kagure, alifanya kazi ya kufagia na kupanga bidhaa katika duka la picha la Mhindi mmoja mjini Nyeri. Duka hilo liliuza kamera, na pia liliuza sinema fupi fupi za kuonyeshwa nyumbani kwa wenye nyumba kubwa. Kila mkanda wa sinema ulizungushwa kwenye gurudumu dogo, ukatiwa katika boksi la karatasi ngumu lenye upana wa kitabu. Juu ya boksi palichorwa picha ya rangi kali ili mnunuzi ajue kilichomo: mchekeshaji amebebwa na punda, farasi wanakimbia, merikebu zinazama. Mhindi alipozeeka akafunga duka, na siku ya kuhama rafu moja ikaanguka. Mikanda ikatoka maboksini, ikabingirika hadi mlangoni. Kwa haraka ya kuhama, kila mkanda ukarudishwa katika boksi lililokuwa karibu. Nusu ya mali hiyo Mburu akapewa kama zawadi ya kuagana, pamoja na projekta iliyochakaa. Nusu nyingine ikapelekwa shule moja ya mbali.

Ndipo Mburu akawa mtu wa sinema. Alionyesha kwenye kiwanda cha kahawa, kwa sababu pale palikuwa na jenereta na ukuta mweupe. Kwanza aliinua boksi juu, kisha akalipitisha kutoka mkono hadi mkono ili kila mtu aione picha na apate hamu. Siku aliyopitisha boksi la simba, hakubaki mtu nyumbani. Simba alikuwa anaruka katikati ya pete ya moto, mdomo wazi, mbele ya mzungu mwenye koti jekundu. Akina mama waliwafunika watoto macho wakachungulia wao.

Sinema ikaanza. Hapakuwa na simba. Palikuwa na wasichana waliovaa sketi fupi, wakiteleza juu ya uwanja mweupe kama wamepakwa mafuta nyayoni.

Mburu hakubabaika. Alichukua fimbo, akaonyesha ukutani. "Mnaona hapa pote peupe? Hii ni ira, ile theluji ya mlima wetu Kirinyaga. Hawa wasichana wamepanda kumsalimia Ngai, Mungu akaaye huko juu."

"Na simba je?" watu wakauliza.

"Simba yuko nyuma ya mlima. Anakuja."

Wasichana wakateleza, wakazunguka, wakainama, mkanda ukaisha. Simba hakuja. Mburu alipoonyesha tena, watu wakaja tena, kwa sababu alisema simba alikuwa amechelewa tu. Basi neno likaota mizizi. Barabara ya lami ikiahidiwa isionekane, watu wa Tetu husema ni simba wa Mburu. Bwana harusi akichelewa kanisani, yuko nyuma ya mlima. Hata stima ilipofika kijijini baada ya ahadi za miaka na miaka, mzee mmoja aliitazama balbu ikiwaka akasema, "Leo huyu amepita mlima."

Na Mburu mwenyewe alipolazwa hospitali, Kagure akiwa ameketi kando ya kitanda, alimuuliza kama daktari amemwambia atakuja lini. Mburu akafungua jicho moja. "Yuko nyuma ya mlima," akasema, kisha akalifumba. Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia mkewe. Lilikuwa ni mzaha, na mpaka leo Kagure hakuwa ameucheka.

Njoki alitandika shuka mezani karibu na dirisha, akanawa mikono, akaikausha vizuri. Alifungua kila boksi kwa ncha za vidole, akalilaza, akalipiga picha mbele na nyuma na ubavuni, akalirudisha. Ndani ya mengi mikanda ilikuwa imejikunja na kunuka siki, haifai tena kuonyeshwa. Lakini picha za juu zilikuwa bado zinang'aa. Alipiga picha za maboksi machache tu, akakunja shuka.

"Mwanga umeharibika," akasema. "Nitarudi Jumamosi ijayo."

Kagure alitazama nje. Jua lilikuwa limejaa uani. Jumamosi iliyofuata mwanga ukaharibika tena baada ya maboksi machache, na nyingine pia, na kila mara Njoki alibaki, akamenya viazi, akafua shuka za kitandani, akakaa. Kagure alijua kwamba kazi ile ingekwisha kwa siku moja. Akalichomeka hilo nalo mahali pale penye sindano.

Boksi la simba likafika mezani. Kona yake ya chini ilikuwa imeliwa na panya miaka mingi iliyopita, wakala na miguu ya mbele ya simba. Mburu alisikitika sana wakati ule. Alikata kipande cha kalenda ya zamani, akakibandika pale kwa gundi ya uji, akachora miguu upya. Rangi aliipata kwa kuchemsha majani ya chai mpaka yakawa mazito kama lami, na nyeusi akaipata jikoni kwenye makaa. Ila Mburu hakuwa amewahi kumwona simba, na miguu ya nyuma pichani ilikuwa imefichwa na moto. Alipofika kwenye miguu alikwama, akaenda zizini, akachuchumaa mbele ya ng'ombe aliyekuwapo wakati ule, bibi yake Njeru, akatazama, akarudi kuchora. Basi simba yule wa kutisha, mwenye meno kama misumari, akaruka motoni kwa kwato mbili za ng'ombe zilizopasuka katikati vizuri kabisa.

Gathoni, wakati ule msichana aliyeolewa juzi, alipoliona boksi alishika kiuno. "Mburu, huyo simba wako hukamuliwa saa ngapi?"

"Jioni," Mburu akamjibu. "Njoo na chupa."

Njoki alipiga picha boksi lile kwa muda mrefu kuliko mengine. Kisha akaikuza picha kwenye simu, akaitazama, akamsogezea mama mkwe wake.

"Maitu, hapa kwa hii kwato kuna alama ya kidole."

Kagure akatazama. Katika rangi ya chai iliyokauka palikuwa na kidole gumba, mistari yake ikizunguka kama mistari ya gogo lililokatwa, na kovu dogo likiikata katikati, pale panga lilipomkata Mburu akipogoa kahawa.

"Ni chake," akasema.

Alisema kama mtu anayetaja jina la chifu.

Picha ya simba ilipowekwa kwa wale watu wa simu, Jumamosi iliyofuata Njoki alikuja na habari mbili, na alizileta kama mtu aliyebeba mayai.

"Wameipenda sana, Maitu. Wanasema hiyo picha ni adimu, imechorwa na mtu aliyejua kazi. Lakini wanasema kiraka kinaiharibu." Akamwonyesha. "Huyu mmoja wa ng'ambo yuko na tangazo ya zamani ya hiyo sinema, simba mzima, na miguu yake yote. Anasema kiraka kikitolewa, anaweza kututumia hiyo sehemu, tuichapishe, tuibandike. Boksi inakuwa vile ilikuwa mwanzo."

"Ni sawa."

"Ngoja nimalize. Kuna mwalimu anaitwa Kiambi, amestaafu. Ameona picha akaandika, ati huyu simba namjua. Shule yao ilipewa maboksi ya yule Mhindi. Yeye yuko na boksi ya wasichana wa barafu, na ndani yake," Njoki akainama, "ndani yake kuna simba."

Kagure aliendelea kuchambua maharagwe. Aliiona punje moja yenye tundu, akaitupa.

"Mkanda ni mzima, Maitu. Aliuweka kwa mkebe mkavu. Yuko na projekta. Anataka kuja, auonyeshe hapa, na kila mkanda urudi kwa boksi yake. Na kiraka anajua kukitoa, alikuwa akitengeneza vitabu vya shule. Anasema gundi ya uji inaachia kwa mvuke wa birika tu. Lakini anasema ni wewe uamue."

"Ni sawa."

"Kiraka kikitoka hakirudi. Kitasambaratika kwa maji."

"Nimesikia."

"Na kidole?"

Kagure akanyanyua macho. Katika nyumba ile hapakuwa tena na kitu chenye mkono wa Mburu. Makoti yalikwenda, godoro likaenda, ua alioujenga Mburu, Mwai alikuwa ameung'oa na kuweka waya. Mburu hakuwa mtu wa kuandika. Alichoacha cha mkono wake mwenyewe ni kwato mbili na gumba moja. Kagure alilijua hilo kikamilifu, alilijua kama unavyojua kwamba nje kuna baridi ukiwa ndani. Akatafuta ndani yake kitu cha kusema, akakuta neno lile lile limekaa mlangoni.

"Ni sawa, Njoki. Mwambie aje."

Mwalimu Kiambi akaja. Alikuwa mtu mrefu mwembamba, amevaa sweta chini ya koti, mkononi mkungu mdogo wa ndizi mbivu, na nyuma yake dereva wa teksi amebeba begi zito la projekta. Alipofika langoni alivua kofia. Njoki alimkaribisha ndani, lakini yeye akabaki amesimama uani.

"Mama Mwai," akamwambia Kagure, "kabla ya mambo ya sinema, nionyeshe mahali mzee amelala. Si vizuri niingie kwake bila kumsalimia."

Kagure akampeleka nyuma ya migomba. Kiambi alisimama, kofia kifuani. Jani la mparachichi lilikuwa limeanguka juu ya kaburi. Aliinama akaliokota, na badala ya kulitupa akalitia mfukoni, kisha akarudi nyumbani nyuma ya mwenyeji wake. Kagure alimwona. Sindano ya tatu.

Gathoni hakuitwa, lakini alikuwa amekwisha kuketi sebuleni, amefunga kitambaa chake kizuri cha kichwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Ni ukweli umekuja na simba?"

"Yuko kwa begi," Kiambi akajibu.

"Amekula?"

"Alikula watoto wa shule, wakati ule. Wacha niwaambie. Boksi yetu ilikuwa na picha ya wasichana wazuri. Mwalimu mkuu akawaambia watoto, leo mtaona wasichana wakicheza. Vijana wakaoga, wengine wakajipaka mafuta. Taa kuzimwa, akatokea simba. Walitoka kwa madirisha! Mwalimu mkuu akatoka kwanza."

Gathoni alicheka mpaka akashika kitambaa kisianguke. Njoki alicheka. Kagure alitazama vinywa vyao vikifunguka na kufumbika.

Njoki akaziba madirisha kwa blanketi. Kiambi akaweka projekta juu ya meza, akaelekeza ukutani, halafu akauliza kwa upole kama kunaweza kupatikana birika la maji ya moto, kwa ile kazi ya baadaye. Kagure mwenyewe akaenda akatia maji katika birika, akaleta jiko la makaa hadi mlangoni mwa sebule, akaliteleka. Boksi la simba liliwekwa kwenye kiti, limefunikwa kwa ile shuka nyeupe. Lilikuwa kama mtoto anayesubiri daktari.

Projekta ikaanza kuvuma kama cherehani. Ukutani pakawa na mwanga unaotetemeka, na ndani ya mwanga mzungu mwenye koti. Koti halikuwa jekundu, lilikuwa la kijivu, maana mkanda haukuwa na rangi. Alipiga mjeledi chini. Mlango wa tundu ukafunguka.

"Haya," Gathoni akanong'ona. "Haya, haya, haya."

Simba akatoka.

Alikuwa mzee. Manyoya ya shingoni yamepungua, tumbo limelegea. Alitembea hatua chache, akaketi, akapiga mwayo. Mzungu akawasha pete ya moto, akaashiria. Simba aliitazama pete. Akamtazama mzungu. Kisha akainuka, akaizunguka ile pete taratibu, akaenda upande wa pili na kulala chini.

"Ati!" Gathoni akapiga paja. "Ameona moto, akakumbuka yuko na kazi kwingine! Nusu karne tunangoja huyu mtu!"

Mzungu alikuwa anainama na kupunga mikono kwa watu kana kwamba simba ameruka. Kagure hakumtazama mzungu. Alitazama miguu. Ilikuwa mipana na laini, kama mito ya kuketia, na ilipokanyaga haikuacha kishindo. Haikufanana na kwato hata kidogo. Mburu alikosea kabisa. Kagure aliwaza kwamba akitoka hapa atapita nyuma ya migomba amwambie: Mburu, ulikosea kabisa, wana miguu kama ya paka.

Mkanda ukaisha, ukuta ukabaki mweupe mtupu. Njoki akatoa blanketi moja dirishani. Mlangoni birika lilikuwa limeanza kulia.

"Mwalimu," Gathoni akauliza akijifuta macho, "kwani wewe umetoka wapi na huyu mnyama? Sijauliza."

"Chuka. Karibu na Chuka."

"Chuka," Gathoni akarudia. Akanyamaza, na Gathoni kunyamaza ni jambo la kuangaliwa. Akainua mkono, akauonyesha upande ule ambako, nje ya ukuta na mashamba ya chai na mawingu, Kirinyaga, Mlima Kenya wenyewe, husimama. "Chuka si ni huko ng'ambo? Nyuma ya mlima?"

"Kwetu sisi," Kiambi akasema, "nyuma ya mlima ni hapa kwenu."

"Kagure! Unasikia huyu mtu? Mburu hakutudanganya! Simba alikuwa nyuma ya mlima kweli! Miaka hii yote amelala kwa mkebe huko Chuka, na sisi tunamcheka Mburu!"

Kagure alimsikia. Neno liliingia polepole, likashuka, likatafuta pa kukaa, likakuta pale neno la hospitali, jicho moja limefunguka, yuko nyuma ya mlima. Kitu kikamtoka kooni. Kilikuwa kikavu na kifupi, kama mlango wa stoo ambao haujafunguliwa tangu mvua za masika, na Njoki akageuka haraka akidhani amekabwa. Alikuwa anacheka. Hakucheka kwa muda mrefu. Alicheka kiasi cha mzaha mmoja uliochelewa.

Kiambi, ambaye hakujua lolote juu ya kucheka wala kutocheka katika nyumba ile, alikuwa amekwisha kulichukua boksi. Alipiga goti kando ya jiko, miwani puani, kisu kidogo butu mkononi. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwa birika mweupe na mwingi. Alilishika boksi mbali nao kidogo, kona yenye kiraka ikielekea mvuke, kisha akatazama nyuma.

"Mama Mwai, niendelee?"

Njoki alikuwa amesimama na blanketi mikononi. Gathoni alikuwa amenyoosha shingo. Wote walilijua jibu, walikuwa wamelisikia tangu mazishini, na Kagure naye alilihisi likija kwa mazoea, limekwisha kufika ulimini.

"Hapana," akasema.

Kiambi akadhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Hapana, Mwalimu. Ondoa hapo, linapata mvuke." Aliinuka, magoti yakalia, akaenda akalichukua boksi mikononi mwake yeye mwenyewe, akalipangusa kona kwa ncha ya leso ingawa halikuwa limelowa. "Hayo maji ni ya chai."

Mwalimu alifunga kisu chake. "Ni vizuri," akasema, na uso wake haukuonyesha kukasirika hata chembe. "Simba wenye miguu ya simba wako wengi. Yule wa ng'ambo yuko naye. Huyu ni mmoja."

"Watu wa simu watauliza, Maitu," Njoki akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Niandike nini chini ya picha?"

Kagure akafikiri. Alikuwa bado ameshika boksi, gumba lake limekaa karibu na lile gumba lingine, bila kuligusa.

"Andika simba ni wa mzungu. Miguu ya mbele ni ya Mburu wa Tetu, na aliyemwonyesha ni ng'ombe."

"Niandike hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kama hawataki, wasiangalie."

Mkanda wa simba ukatiwa katika boksi la simba, ukabaki Tetu. Ule wa wasichana wa barafu ulikuwa umejikunja na kunuka siki, haungeonyeshwa tena kamwe, lakini Kiambi aliutia kwa uangalifu katika boksi lake lenye picha ya wasichana, akasema hata mgonjwa hurudishwa kwao. Kisha akakubali kuketi.

Kagure akapika chai. Alipofika kwenye mkebe alisimama, akaonja punje kwa ncha ya kidole, Gathoni akimtazama kutoka kitini.

"Ni gani hiyo?" Gathoni akauliza, akitazama dari. "Mimi nakunywa yoyote. Nimeshazoea."

"Ni sukari, Gathoni."

"Haya. Ngai asifiwe."

Kagure akaketi na kikombe chake. Hakulia, hata siku hiyo. Alikunywa kwa haraka kama alivyozoea siku zote hizi, bila kupuliza, na chai ikamchoma ulimi. Alikiweka kikombe chini, akaushika mdomo, akakaa hivyo kwa muda akisikia pale palipochomeka pakiuma.

"Pole, Maitu," Njoki akasema. "Ni moto sana?"

"Ni moto," akasema Kagure. Kisha akasema, "Ukirudi nyumbani, mwambie Mwai yule mnunuzi asije. Njeru hauzwi."

"Kwa nini, akiuliza?"

Kagure aliinua kikombe tena, na safari hii akapuliza kwanza.

"Mwambie aangalie kwato zake," akasema.